Mtoto Ameondoka na Kitabu Gani?

Mgeni akiingia kwenye maktaba ya shule ya msingi, macho yake huenda kwanza ukutani. Hutazama michoro ya watoto, mabango ya rangi, chati ya nani amesoma vitabu vingapi, na ule mti wa karatasi ambao kila jani lake limeandikwa jina la kitabu. Akimaliza husema, "Hapa kweli kuna shughuli!" Ni kweli, shughuli ipo. Ila mimi niliyezeekea kwenye kazi hii ya kuwapa watoto vitabu nimebaki na swali moja la kuipimia shughuli yoyote ile: kipindi kimeisha, kengele imegonga, mtoto ameondoka na kitabu gani?

Kama jibu ni kwamba ameondoka na kofia ya karatasi, basi tulikuwa na kipindi cha kazi za mikono. Hakuna ubaya. Watoto wanapenda gundi na mkasi. Lakini tusije tukaandika kwenye ripoti kwamba leo darasa la pili lilisoma.

Nalisisitiza hili kwa sababu muda wa maktaba ni mchache mno. Shule nyingi huipa kila darasa kipindi kimoja kwa wiki, dakika 30 au 40. Ondoa dakika za kuingia na kupanga mstari, za kurudisha vitabu vya wiki iliyopita, za kumsikiliza aliyesahau chake nyumbani na anayeapa kwamba mdogo wake ndiye aliyechana jalada. Zinabaki 20 hivi. Hizo ukizimalizia kwenye kukata karatasi, mtoto atasubiri wiki nzima kabla ya kukutana na rafu tena.

Ningeambiwa nichague shughuli moja na kuziacha nyingine zote, ningechagua kuwasomea kwa sauti. Wengi wanadhani hilo ni jambo la watoto ambao bado hawajajua kusoma. Wala. Hata darasa la sita wanasomewa, na hao ndio wanaonuna zaidi kipindi kikikatika katikati ya sura. Mtoto huelewa kwa masikio hadithi ambayo macho yake bado hayawezi kuimudu peke yake, na pengo hilo hudumu karibu miaka yote ya shule ya msingi. Ukimsomea unampitisha kwenye sentensi ndefu, maneno mageni na mizaha iliyojificha, kabla hajalazimika kupambana navyo mwenyewe.

Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32. Idadi hiyo imetoka kwenye mtambo wa uchapaji: karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, hukunjwa, hukatwa, na kurasa hutoka kwa mafungu ya 8 au 16. Mchapaji hakuwa anamfikiria mtoto, lakini matokeo yake yamemfaa. Kurasa 32 zenye maneno machache husomeka kwa dakika kama 10, na hizo ndizo dakika ambazo mtoto wa miaka sita anaweza kutulia kabla hajaanza kumfinya jirani.

Kuna namna ya kukishika. Kitabu hukaa pembeni ya uso wangu, usawa wa bega, kurasa zikiwaelekea watoto. Mkono mmoja unakibeba kwa chini, pale kurasa zinapokutana. Mwingine unasubiri kwenye kona ya juu ya ukurasa. Sentensi ya mwisho ya kila ukurasa naisoma polepole, kona nimeshaishika, ila sifungui. Mwandishi mzuri wa vitabu vya picha huficha jambo nyuma ya ukurasa. Ukifungua haraka umemharibia. Basi nanyamaza. Ukimya ukizidi kidogo, mmoja atapaza sauti, "Mwalimu, fungua!" Mwingine atasema anajua kilichopo. Namuuliza amejuaje. Ananionyesha mkia mdogo uliochorwa pembezoni mwa picha, ambao mimi mwenyewe sikuuona. Watoto wasiojua kusoma maneno husoma picha kwa makini kuliko sisi, maana sisi tumeshakimbilia maandishi.

Kuhusu maswali, kuna utafiti wa mwaka 1988 wa Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani, ambao walimu wa maktaba hatuna budi kuujua. Waliwafundisha wazazi wa watoto wadogo, wa miaka miwili hivi, kusoma kwa mazungumzo: kuuliza maswali ya wazi, kuyapanua majibu ya mtoto, kumwachia asimulie yeye. Baada ya mwezi mmoja tu watoto hao walikuwa wamewazidi wenzao katika kuongea, ingawa wote walikuwa wakisomewa nyumbani. Kwa hiyo "Paka huyu ana rangi gani?" ni swali la kumwamsha aliyesinzia, basi. "Kwa nini unadhani amejificha?" ndilo linalofungua mdomo. Hata hivyo nina mpaka wangu. Msomaji anayesimama kila ukurasa kuuliza hukatakata hadithi hadi haieleweki tena ilikuwa inaelekea wapi. Mara ya kwanza tunasoma moja kwa moja hadi mwisho, tukitua kwenye kona za kurasa tu. Maswali yanakuja mara ya pili. Na mara ya pili itakuwepo, wao wenyewe wataidai.

Sehemu inayosahaulika ni ile ya baada ya kufunga kitabu. Nimeona maktaba ambazo kitabu kilichosomwa kwa sauti hurudishwa kwenye meza ya mkutubi "kisichakae". Loh! Dakika hiyo hiyo ndiyo watoto wote wanakitaka. Kiazimishe hapo hapo, andika majina ya wanaosubiri, na mezani uwe umeshaweka vingine vitano au sita vya namna hiyo: vya mchoraji huyohuyo, vya mnyama huyohuyo, vya kuchekesha kama kilikuwa cha kuchekesha. Wale waliokosa cha kwanza hawataondoka mikono mitupu.

Wajapani wana namna yao inayonivutia, kamishibai: picha kubwa zinazochomolewa moja moja kutoka kwenye fremu ndogo ya mbao, huku maneno yakiwa nyuma yake upande wa msomaji. Miaka ya 1930 wasimulizi waliizungusha mitaani kwa baiskeli. Maktaba yoyote inaweza kutengeneza fremu ya boksi gumu, na watoto wakubwa wakachora hadithi waliyoisoma na kuwasimulia wadogo. Ili wachore picha 12 za hadithi, watalazimika kuirudia kuisoma mara kadhaa na kubishana ni tukio lipi libaki na lipi litupwe. Hiyo ni kazi ya mikono ninayoiruhusu bila manung'uniko.

Nije kwenye kuchagua. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alitoa mwaka 1931 sheria tano za ukutubi, na mbili kati yake ningezibandika mlangoni: kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Hazisemi kila msomaji na kitabu kinacholingana na darasa lake. Ipo ile mbinu ya vidole vitano, mtoto afungue ukurasa, akunje kidole kwa kila neno asilolijua, na vikiisha vyote akirudishe kitabu. Inasaidia kwa mtoto anayesitasita. Kwa mtoto aliyepagawa na sayari haina kazi. Huyo ataparamia kitabu kinene, asome maelezo ya chini ya picha, aruke aya tatu, arudi, na mwisho atakuambia Zohali ni nyepesi kuliko maji. Ni kweli pia, wastani wa msongamano wake uko chini ya ule wa maji. Vidole vyake vilikwisha kitambo, kwenye mstari wa pili.

Halafu yuko anayerudia. Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la tatu ambaye muhula mzima aliazima kitabu kimoja, cha dinosaria. Anakirudisha, ninakigonga muhuri, anakiazima tena kabla hakijafika kwenye rafu. Mwalimu wake wa darasa akanifuata.

"Mwalimu, huyu mkatalie bwana. Mlazimishe achukue kingine."

"Amekuambia kinahusu nini?"

"Ah, si hayo madudu yake."

Nikamwomba anipe wiki moja. Kipindi kilichofuata nilikaa na mtoto, nikajifanya nataka kuelezwa. Alifungua bila kutafuta, kidole kikatua kwenye picha ya mmoja mwenye shingo ndefu. "Huyu hali nyama. Angalia meno." Nikamuuliza amejuaje kuhusu meno. Akarudi nyuma kurasa nyingi, kwenye jedwali dogo ambalo watu wazima tungelipita, lenye meno bapa upande mmoja na meno makali upande mwingine. Kisha akanionyesha faharasa mwisho wa kitabu, akaeleza kwamba ukitaka jambo unaanzia huku. Hakuna aliyemfundisha faharasa. Ilikuwa kwenye mtaala wa miaka miwili mbele. Mwalimu wake nilimwita asikilize mwenyewe. Kitabu hakikukataliwa. Baadaye kidogo mtoto akahamia volkano, sijui kwa njia gani, na volkano nazo akazikalia vilevile.

Upande wa kununua vitabu, Rudine Sims Bishop, profesa wa Marekani, aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni madirisha na vioo: kwenye dirisha mtoto anaona maisha ya wengine, kwenye kioo anajiona mwenyewe. Jaribu siku moja kupita kwenye rafu zako na kuuliza ni mtoto gani wa shule hii ambaye hana kioo hata kimoja humu. Asiyeona vizuri, anayetembelea kiti cha magurudumu, anayelelewa na bibi. Mimi nilipopita hivyo, orodha ya manunuzi iliyofuata ilijiandika yenyewe.

Mpangilio wa nambari, ule wa kupanga vitabu kwenye rafu kwa mada, siupi muda mrefu. Melvil Dewey, mkutubi wa Marekani, aliutoa mwaka 1876, kuanzia 000 hadi 900 na ushee, na watoto huushika haraka kuliko walimu: ngano ziko 398, sayari 520, dinosaria 567, wanyama 590, michezo 796. Mchezo wa kusaka nambari nauruhusu, kwa sharti kwamba anayeipata anasoma ukurasa mmoja wa kitabu alichokisaka. Wadogo hawahitaji nambari kabisa. Vitabu vyao nimevisimamisha kwenye masanduku ya chini, majalada yakitazama mbele, maana mtoto wa miaka sita hachagui kitabu kwa kusoma mgongo wake.

Sasa mashindano, jambo linalonigombanisha na wenzangu. Kila mwaka huzuka pendekezo la chati na zawadi: atakayesoma vitabu vingi zaidi apewe kitu. Mwaka 1973 wanasaikolojia wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, waliwachunguza watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine waliahidiwa cheti kizuri wakichora, wengine walipewa cheti hichohicho bila kuahidiwa, wengine hawakupewa kitu. Wiki moja hadi mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani bila ahadi yoyote. Walioahidiwa cheti ndio waliozigusa kwa uchache kuliko wote. Mchezo wao ulikuwa umegeuzwa kibarua.

Nayaona hayohayo kwenye chati ya ukutani. Anayeongoza huanza kuchagua vitabu vyembamba, hufungua kurasa upesi upesi huku jicho liko kwenye jina la anayemfuata. Anayeshika mkia hujifunza kutopita karibu na ukuta ule. Na yule msomaji wa kweli, aliyezama kwenye kitabu kimoja cha kurasa 300, anaonekana mvivu. Kama wafadhili au kamati ya wazazi wameshikilia zawadi itolewe, basi iwe kitabu, na kila aliyeshiriki apate.

Badala ya chati nina karatasi nyuma ya kila kitabu. Ni kipande kilichobandikwa ndani ya jalada la mwisho, na aliyemaliza kusoma anaruhusiwa kuandika mstari mmoja kwa ajili ya atakayefuata. Hakuna kusahihisha tahajia. Mistari yenyewe ni burudani: "Ukifika ukurasa wa 40 usiogope, hafi." "Mwisho wake haujanipendeza." "Ruka sura ya kwanza." "Aliyesema ruka sura ya kwanza ni muongo." Watoto huisoma karatasi hiyo kabla ya maelezo ya mchapishaji, na maelezo ya mchapishaji yanastahili kupuuzwa hivyo. Wapo wasiopenda kusoma ambao walianza kwa kufuata ugomvi wa nyuma ya kitabu, wakajikuta ndani.

Kuna lile la kusoma kimya, darasa zima kwa pamoja. Wazo hilo lilienezwa miaka ya 1960 na Lyman Hunt wa Chuo Kikuu cha Vermont: kila mtu, mwalimu akiwemo, ashike kitabu alichochagua na asome bila kukatizwa. Mwaka 2000 jopo la taifa la Marekani kuhusu usomaji lilipitia tafiti zilizokuwepo na kusema hazitoshi kuthibitisha kwamba kusoma kimya hivyo kunaongeza ufasaha. Wengine wakalitumia tamko hilo kufuta vipindi. Jopo halikusema hakuna faida; lilisema ushahidi ni mchache. Mimi nilichokiona ni kwamba mtoto aliyekaa kimya na kitabu anaweza kuwa anasoma na anaweza kuwa anahesabu nzi. Kwa hiyo nazunguka. Nachuchumaa, nanong'ona: "Umefika wapi? Huyu mzee ni nani tena?" Anayesoma hujibu bila kuinua macho, tena kwa kero kidogo. Anayehesabu nzi namsaidia kubadilisha kitabu palepale, bila kesi. Nikimaliza mzunguko nami nakaa na changu, kitabu halisi, siyo madaftari ya kusahihisha, maana wanatazama.

Sikukuu za vitabu zipo mbili zinazofuatana mwezi mmoja: tarehe 2 Aprili, siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen, ambayo IBBY, shirika la kimataifa la vitabu vya watoto, limeiadhimisha tangu 1967 kuwa siku ya vitabu vya watoto; na tarehe 23 Aprili, siku ya vitabu ya UNESCO tangu 1995. Shule hupenda maandamano ya mavazi ya wahusika. Mavazi yenyewe wazazi hushona usiku wa manane, na ukimuuliza mtoto yeye ni nani, hujui kama kasoma kitabu au kaona katuni. Sharti langu ni dogo: anayevaa aje na kitabu alichotokea mhusika wake, na asome ukurasa mmoja mbele ya darasa jingine. Jella Lepman, mwanzilishi wa IBBY, alianzia kwenye magofu ya Ujerumani mwaka 1946, akiziandikia nchi zilizotoka kupigana na taifa lake zitume vitabu vya watoto. Vilitumwa, vikaonyeshwa Munich, na mwaka 1949 vikawa maktaba ambayo ipo hadi leo.

Darasa la tano na la sita nawapa kazi ambayo huwezi kuipamba ukutani: kutibu vitabu. Ukurasa uliong'oka haubandikwi kwa selotepu, kwa sababu baada ya muda hugeuka njano, hukauka na kuacha doa la gundi. Tunapaka gundi nyeupe kwa brashi nyembamba, mstari mwembamba kabisa kwenye ukingo wa ndani wa ukurasa, tunauingiza hadi ukae sawa na wenzake, tunaweka karatasi ya nta pande zote mbili ili gundi isisambae, kisha kitabu kinalala chini ya kamusi nzito hadi kesho yake. Wakisubiri gundi ishike, hawana la kufanya ila kusoma ukurasa walioushika. Halafu wanataka kujua kilichotangulia. Vitabu vilivyotibiwa huwa na foleni.

Na likizo. Watafiti wa usomaji Richard Allington na Anne McGill-Franzen walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kazi yao na watoto wa familia zenye kipato kidogo huko Florida, Marekani. Kila likizo ndefu, kwa miaka mitatu mfululizo, watoto walipewa vitabu 12 walivyovichagua wenyewe. Walipopimwa, walikuwa wasomaji bora kuliko wenzao ambao hawakupewa. Hakukuwa na mwalimu wa likizo wala mtihani.

Kwa hiyo wiki ya mwisho ya muhula, wakati maktaba nyingi zinakusanya kila kitu na kufunga makabati kwa ajili ya hesabu, mimi nafanya hesabu mapema na kuyaacha makabati wazi. Darasa la kwanza wanachukua vitatu, wakubwa wanachukua wanavyoweza kubeba. Mkuu wa shule aliwahi kuniuliza vikipotea itakuwaje. Vitapotea vichache, nikamwambia, na kwenye bajeti kuna mstari wake. Muhula ukifungua, meza yangu hujaa hadi sioni mlango, na katika daftari yanabaki majina ya ambao hawajarudisha. Nayazungushia duara la kalamu ya risasi, nawakumbusha, na kipindi chao kikifika wanaazima kingine.